Waliopimwa

Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2024 shangazi yangu alinipigia simu kabla hata sijanywa chai. Hakuuliza habari. "Wewe si ulisomea mambo ya mionzi? Hicho chuma kilichoanguka Mukuku, kina hiyo kitu?"

Siku iliyotangulia, pete kubwa ya chuma, upana wake kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, ilikuwa imeanguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja kueleza kwamba kilikuwa kipande cha roketi. Mukuku iko ng'ambo ya mpaka wa kaunti yetu, lakini ni Ukambani tu, na watu wa Mwala wana jamaa kule. Nikamwambia shangazi kwamba sijui, sijakiona, na sina kifaa cha kupimia. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Ni vizuri huna."

Alikuwa anakumbuka. Nafikiri Mwala nzima inakumbuka, au labda ni mimi tu, kila nikishuka matatu pale stejini na kuona paa jekundu la jirani yetu.

Mwaka wa 2019 nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisoma fizikia. Kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta mradi wake, nami nikaamua kupima mionzi ya asili katika vifaa vya ujenzi vya kwetu: matofali ya kuchoma, mchanga wa mtoni, kokoto. Jambo la kawaida sana. Udongo wowote duniani una potasiamu, yureniamu na thoriamu kwa viwango vidogo, na hizo zinatoa mionzi usiku na mchana bila kumwomba mtu ruhusa. Binadamu wa kawaida hupokea kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwa vyanzo vya asili, ukijumlisha ardhi, anga, chakula na hewa anayovuta. Fundi wa maabara aliniazima kipima mionzi kidogo, kile cha kulia ta-ta-ta, nikapanda gari kwenda nyumbani nikijiona daktari.

Jirani yetu alikuwa ndiyo amemaliza nyumba ya matofali. Miaka kumi na moja ya kuuza maharagwe na kuku imo ndani ya hizo kuta. Chumba kimoja cha pembeni, chenye mlango wake, alikuwa amempangisha mwalimu wa shule ya msingi. Nilipiga hodi nikamwambia, "Mwaitu, naomba nipime nyumba yako, ni mambo ya shule." Akakubali kwa sababu alinijua tangu sijavaa suruali. Hakuniuliza napima nini, na mimi sikumwambia. Nikawasha.

Kile kifaa hulia popote. Kingelia kanisani, kingelia ndani ya chungu. Nje ya nyumba kilionyesha 0.12, ndani 0.18, maikrosiveti kwa saa. Tofauti hiyo ni ya kutarajiwa ukizungukwa na kuta nne za udongo uliochomwa. Hata akikaa humo ndani mwaka mzima bila kutoka, atakuwa ameongeza kama nusu ya milisiveti. Hayo yote niliyajua. Lakini nilikuwa nainama, naandika, nasogea ukutani, nakunja uso kama niliowaona kwenye video, na kifaa kinalia kwa kasi zaidi kila nikikaribia pembe. Watoto walikuwa mlangoni. Jirani akauliza, "Kinalia nini?" Nikajibu bila kuinua kichwa, "Ni mionzi, lakini ni kawaida."

Siku ya soko watu walikuwa wanasema nyumba ya fulani imepatikana na kansa. Mwisho wa mwezi mwalimu alihama. Alisema amepata chumba karibu na shule, labda ni kweli, lakini kile chumba hakikupata mpangaji mwingine. Wenye nyumba za mabati ndio waliofaidika.

Mimi nilirudi chuoni, nikaandika kwamba viwango vya Mwala viko ndani ya mipaka inayokubalika, nikapewa alama nzuri. Hakuna mahali kwenye fomu palipouliza nilichomwambia mwenye nyumba. Mwaka uliofuata korona ikaja, karo ikanishinda, nikaacha masomo. Siku hizi naandika: makala za watu, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote kinacholipa. Baada ya simu ya shangazi, nilianza kusoma historia ya hii sayansi niliyoiacha njiani. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuingia nyumba ya mtu na kifaa, akatoka na nambari, akamwachia mwenyewe hofu. Niligundua kwamba nilikuwa nimefanya kwa kijifaa cha kuazima yale ambayo wengine wamefanya kwa mashine za mamilioni.

Tuanzie mbali kidogo, Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili chao cha Lubumbashi. Mwaka 1915 madini ya yureniamu yaligunduliwa Shinkolobwe, na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuchimba miaka ya 1920. Hawakuwa wanaitaka yureniamu yenyewe. Walitaka radiamu iliyomo ndani yake, iliyouzwa Ulaya kwa bei ya kutisha kutibu uvimbe na kupaka mishale ya saa ili zing'ae gizani. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kuliko yoyote yaliyojulikana: mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya yureniamu, wakati migodi ya kwingine ilishangilia sehemu ndogo ya asilimia moja. Mawe kama hayo yalichaguliwa kwa mikono. Mikono ya Waafrika, bila shaka.

Mwaka 1928, Stockholm, madaktari waliunda kamati ambayo leo inaitwa Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, inayojulikana kwa herufi ICRP. Waliiunda kwa sababu wenzao, madaktari na wauguzi wa eksirei na radiamu, walikuwa wanakatwa vidole na kufa. Yaani kinga ya mionzi ilianza kama kinga ya watu wa hospitali za Ulaya na Marekani. Radiamu iliyowaunguza wao ilikuwa na njia ndefu nyuma yake, na mwanzo wa njia hiyo kulikuwa na mchimbaji Katanga ambaye kamati haikumfikiria.

Halafu vita. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini ya Shinkolobwe hadi ghala la Staten Island, New York. Wamarekani walipoanza kutafuta yureniamu ya kutengeneza bomu, waliikuta tayari imekaa ndani ya mapipa. Sehemu kubwa ya yureniamu ya mradi huo ilitoka Kongo, na tarehe 6 Agosti 1945 bomu la yureniamu likaanguka Hiroshima.

Hapa ndipo hadithi inageuka na kuwa yangu, na ya mtu yeyote aliyewahi kushika kipima mionzi. Baada ya vita Wamarekani waliunda tume ya kuchunguza walionusurika. Tangu 1950, watu kama 120,000 wa Hiroshima na Nagasaki wameandikwa katika uchunguzi wa maisha yao yote: nani alikuwa umbali gani, nani alipata kansa, ya nini, mwaka gani. Mpaka leo, mtu akikuambia milisiveti kadhaa zinaongeza hatari ya kansa kwa kiasi kadhaa, msingi mkubwa wa hesabu hiyo ni miili ya watu hao. Na malalamiko yao yanajulikana: tume iliwachunguza, haikuwatibu. Waliitwa, wakavuliwa nguo, wakapimwa, wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2017, mwenyekiti wa taasisi iliyorithi kazi ile, Ohtsura Niwa, aliwaomba radhi hadharani. Ilikuwa imepita miaka 70.

Nikiwa darasani nilikariri mipaka ya dozi kama vile mtoto anavyokariri majina ya wilaya. Milisiveti 1 kwa mwaka kwa raia wa kawaida, juu ya ile ya asili. 20 kwa mfanyakazi, kwa wastani wa miaka mitano. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba nyuma ya hizo nambari kuna jiwe lililochaguliwa kwa mkono Katanga, likageuka bomu, likageuka mgonjwa, likageuka jedwali. Silaumu walimu. Hata wao walifundishwa jedwali.

Na wachimbaji wa Shinkolobwe wenyewe? Mgodi ulifungwa karibu na uhuru, 1960. Mashimo yakabaki. Watu wakarudi kuchimba wenyewe, safari hii wakitafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ya Kongo ilipiga marufuku, Julai shimo likaporomoka na kuua watu, na Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu kuangalia. Hao wa Hiroshima angalau waliandikwa. Wa Shinkolobwe hawana jedwali. Mwanahistoria Gabrielle Hecht aliandika kitabu kizima, 2012, kuhusu wachimbaji wa yureniamu wa Afrika na jinsi kazi yao ilivyowekwa nje ya kile kinachoitwa "nyuklia", ili isidai kinga za nyuklia. Nilikisoma kwenye simu nikiwa nimelala sakafuni kwa rafiki yangu, nikijiambia: kumbe kuna kudhulumiwa kwa kupimwa na kuna kudhulumiwa kwa kutopimwa kabisa.

Sasa turudi Kenya, maana tuna kilima chetu.

Mrima iko Kwale, kusini mwa pwani, ukiwa umeshapita Ukunda unaelekea Lunga Lunga. Kinafika mita 300 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Jina lenyewe kwa lugha za Wamijikenda lina maana ya mlima. Kwa hivyo wanaosema "Mrima Hill" wanasema kilima kilima, lakini tuachane na hayo, hata sisi tuna vilima vyetu viwili vitatu vinavyoitwa kiima fulani na serikali imeviandika vivyo hivyo. Juu yake kuna msitu, na ndani ya msitu kuna kaya, mahali patakatifu pa Wadigo. Chini kuna vijiji, mashamba ya mnazi na mahindi, na nyumba za udongo.

Udongo huo una thoriamu nyingi mno. Kilima ni mabaki ya mwamba wa kaboneti uliopanda kutoka chini sana ya ardhi zamani za kale, ukaja na niobiamu, thoriamu na yale yanayoitwa madini adimu. Wanajiolojia walianza kuuchunguza kwa bidii miaka ya 1950. Mwaka 1959 Coetzee na Edwards walichapisha maelezo yake. Mwaka 1991 J. P. Patel alichapisha uchunguzi wa mionzi ya mazingira ya Mrima, akionyesha kwamba sehemu za kilima zina mionzi ya asili mara nyingi zaidi ya wastani wa dunia. Wengine wakafuata. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya vipimo vya udongo wa kuzunguka kilima. Mwaka 2015 watafiti wa Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani wakatoa makadirio ya dozi kutokana na radoni na thoroni ndani ya nyumba za udongo za Mrima.

Hapo kwenye nyumba za udongo nataka nikae kidogo, maana ndipo mambo yanapokuwa ya watu.

Thoriamu ikiwa ndani ya ukuta inazaa gesi, thoroni. Gesi hii haina maisha: nusu yake inatoweka kila sekunde 56. Kwa hivyo haiwezi kusafiri mbali. Inatoka kwenye ukuta na kufia karibu na ukuta, ndani ya sentimita chache chache. Ukiweka kifaa katikati ya chumba utaona kidogo. Ukikiweka karibu na ukuta utaona nyingi. Basi mtu anaweza kusema, si tusogeze kitanda tu? Lakini thoroni ikifa inaacha watoto wake, chembe za risasi na bismathi zenye mionzi, na hizo zinaishi saa kadhaa, zinatembea na vumbi la chumba kizima, na ndizo hasa zinazokaa kwenye mapafu. Hapo kitanda hakitoshi. Dirisha linahitajika. Kupiga lipu ukuta kunasaidia sana, kwa sababu hata tabaka jembamba linaichelewesha gesi, na ikichelewa dakika chache imekwisha.

Dirisha na lipu. Hivyo ni vitu ambavyo mtu wa kijijini anaelewa na anaweza kuvifanya kidogo kidogo, akipewa sababu kwa lugha yake. Makala yenyewe imo katika jarida la kimataifa, kwa Kiingereza, na kuisoma kunagharimu pesa ambazo zingenunua mfuko wa simiti, labda miwili. Sisemi watafiti hao walikosea. Kupima thoroni kwenye nyumba ya udongo ni kazi ngumu na ya heshima, na bila wao tusingejua hata hilo la lipu. Ninachosema ni kwamba mfumo mzima wa kazi hii, tangu fomu ya kwanza mpaka alama ya mwisho, unahesabu kazi imekwisha pale nambari inapochapishwa. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe niliumaliza mradi wangu hivyo hivyo nikapongezwa.

Kuna jambo lingine Mrima ambalo kule kwetu halikuwepo. Thoriamu na madini adimu yanakaa pamoja katika jiwe moja. Ukipita na kipima mionzi juu ya kilima, ramani unayochora ina wasomaji wawili. Mmoja ataona mahali ambapo watoto wasicheze kwenye vumbi. Mwingine ataona mahali pa kuchimba. Ni kipimo kilekile, wino uleule. Na yule msomaji wa pili ana wakili.

Tarehe 7 Machi 2013, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, wakati Wakenya wote tulikuwa tumekodolea macho runinga tukihesabu kura, leseni maalumu ya kuchimba Mrima ilitolewa kwa kampuni ya Cortec. Baadaye magazeti yalitaja thamani ya dola bilioni 62.4 kwa madini adimu ya kilima hicho. Mwezi Agosti Waziri wa Madini, Najib Balala, alifuta leseni kadhaa zilizotolewa kipindi kile cha kubadilishana serikali, hiyo ikiwemo. Cortec ikaenda mahakamani hapa nchini, ikashindwa, ikaenda kwenye usuluhishi wa Benki ya Dunia ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 wasuluhishi waliikatalia: leseni haikupatikana kwa kufuata sheria za Kenya, tathmini ya mazingira haikuwa imeidhinishwa, na kilima ni msitu uliohifadhiwa, hifadhi ya asili na mnara wa kitaifa. Mwaka 2021 jaribio la kubatilisha uamuzi huo likagonga mwamba.

Nilisoma uamuzi ule karibu wote. Ni kurasa nyingi za tarehe na barua. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba kaya, ile ile ambayo mtu wa mjini angeiita ushirikina, ilikuwa sehemu ya ngome ya kisheria iliyokiokoa kilima. Wazee waliosema watu wasikate miti wala kuchimbua juu kule walikuwa, kwa namna fulani, wanaweka watu mbali na udongo wenye thoriamu nyingi na kuzuia vumbi lisipepee. Sitaki kuchora picha kwamba walijua fizikia. Walikuwa na sababu zao na zinawatosha. Lakini mtafiti akija Mrima na swali moja tu, milisiveti ngapi, atampita mzee wa kaya mlangoni bila kumsalimia, na huyo mzee ndiye mwenye mamlaka ambayo watu wanayatii.

Sasa dunia inataka madini adimu kwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, na kilima kimerudi midomoni. Kwa mtu wa Mrima, neno "mionzi" sasa ni gumu. Likisemwa na daktari lina maana moja. Likisemwa na mtu wa serikali linaweza kuwa maandalizi ya kuhamishwa. Ningekuwa mimi, nikisikia kifaa kinalia shambani kwangu, swali la kwanza nisingeuliza ni nambari gani. Ningeuliza nani amekutuma.

Wataalamu wenyewe wameanza kulikubali hilo, ingawa polepole. Mwaka 2018 ICRP ilitoa chapisho lake la 138, linalohusu misingi ya maadili. Lilitaja nguzo nne: kutenda mema na kuepuka madhara, busara, haki, na utu. Likaongeza mambo matatu ya kuzingatiwa katika kutekeleza: kuwajibika, uwazi, na kuwashirikisha wanaohusika. Tangu Stockholm mpaka hapo ni miaka 90. Nchini kwetu tulikuwa na Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi tangu 1982, na mwaka 2019 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia iliyounda mamlaka mpya ya kusimamia. Zote zinajua sana kuhusu mashine za eksirei, leseni na vyanzo vya mionzi. Katiba ndiyo inasema, kifungu cha 35, kwamba raia ana haki ya kupata habari. Kule Uyombo, Kilifi, watu walipoandamana 2024 kupinga mpango wa kituo cha nyuklia karibu na hori la Mida, moja ya kelele zao ilikuwa hiyo: tunaletewa uamuzi uliokwisha kuamuliwa.

Pasaka ya 2025 nilikwenda nyumbani. Susu yangu aliolewa Mbiuni, upande mwingine wa Mwala, na akiwa kijana aliishi ndani ya utafiti mkubwa. Miaka ya 1970, Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Nairobi, kilichokuwa tawi la Taasisi ya Kifalme ya Nchi za Joto ya Amsterdam, kilifuatilia maelfu ya watu wa Matungulu na Mbiuni: surua, kifaduro, kuhara, uzazi. Kitabu chake kilitoka 1984. Wahoji walikuwa wanapita kila nyumba baada ya wiki mbili. Susu anamkumbuka aliyekuwa akija kwake. "Alikuwa msichana wa hapa hapa," aliniambia. "Anajua mama yangu. Anakaa, anakunywa uji, anauliza nani amekohoa, nani ameharisha, nani amezaa. Ukiwa na msiba anaanza na msiba, daftari baadaye."

Nikamsimulia habari za Mrima, nyumba za udongo, gesi inayokufa kabla ya dakika kuisha. Alisikiliza vizuri kuliko mhadhiri yeyote. Kisha akauliza, "Na kwa jirani, ulianza na nini?"

Sikujibu. Alijua nilianza na nini.

Kesho yake nilienda kwa jirani na karatasi. Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili chepesi: nilipima nini, nilipata ngapi nje, ngapi ndani, dunia ina wastani gani, na kwamba chumba chake hakina tofauti na vyumba vya matofali vya kwingine. Chini nikaandika "Usiwe na wasiwasi." Alivaa miwani akasoma yote, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akaomba kalamu, akakata ule mstari wa mwisho.

"Huu haukupimwa," akasema.

Halafu akataka tuiandike tena kwa Kikamba, maana wapangaji wengine ni wa kutoka vijijini na angependa kuwaonyesha. Tukakwama kwenye neno mionzi. Mimi nilisema tuandike miale ya jua, akakataa, jua linaonekana. Mwanawe akaleta neno la moto, akakataa pia, moto ndio uliofukuza mwalimu. Tulikaa hapo hadi chai ikapoa, watu watatu na kamusi ya simu isiyo na Kikamba. Mwishowe aliacha nafasi tupu katikati ya sentensi, akaikunja karatasi na kuiweka kwenye kabati la vyombo. Alisema atamuuliza mwalimu wake wa kanisa Jumapili, na mimi nirudi na kile kifaa nikikipata tena. Safari hii anataka kukishika yeye, aanze na nyumba yetu.